Wanafunzi wa saluni wanavyojifunza ufundi kwa gharama ya afya zao

Na Mwandishi Wetu

UKIINGIA katika saluni ya kike yenye wateja wengi jijini Dar es Salaam, iwe Sinza, Kinondoni au Mbagala, utabaini nani ni nani bila kuuliza. Aliyesimama nyuma ya kiti mbele ya kioo, kitana mkononi na maneno mengi mdomoni, ni fundi. Aliyeketi karibu na mlango akihesabu fedha ni mwenye saluni. Na yule binti aliyeinama kwenye sinki tangu asubuhi, mikono yake ikiwa ndani ya povu, akisuuza kichwa kimoja baada ya kingine, huyo ni mwanafunzi.

Mgawanyo huo wa kazi umezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeuhoji. Kila anayejifunza ufundi huanzia chini, kama ilivyo gereji au kwa fundi cherehani. Tatizo ni kwamba katika saluni, huko chini ndiko ziliko kemikali. Kazi zinazohesabiwa kuwa hazihitaji ujuzi, yaani kuosha, kusuuza dawa, kuchanganya rangi na kusafisha vifaa, ndizo zinazoikutanisha ngozi na maji na dawa kwa muda mrefu zaidi. Matokeo yake, anayejua kidogo kuliko wote ndiye anayekabiliwa na hatari kubwa kuliko wote. Na kwa jinsi mfumo wa nchi wa kuwalinda wafanyakazi ulivyojengwa, huyo huyo ndiye asiyeonekana.

Suala hili limepata uzito mpya tangu Julai 2025, Serikali ilipoiweka biashara ya saluni katika orodha ya biashara 15 ambazo watu wasio raia hawaruhusiwi kuzifanya nchini, isipokuwa zikiwa hotelini au kwa ajili ya utalii. Hoja ilikuwa kuwalindia wazawa ajira. Ikiwa saluni ni ajira ya kulindwa, basi ni halali kuuliza ajira hiyo inamfanyia nini binti wa miaka 18 katika mwaka wake wa kwanza.

Kwa kawaida msichana hupelekwa saluni na mzazi, shangazi au dada yake baada ya kumaliza darasa la saba au kidato cha nne. Vipo vyuo vya ufundi stadi, vya Serikali na vya binafsi, vinavyofundisha ususi na urembo, lakini wengi hupitia njia ya mkato ya kukaa kwa fundi. Makubaliano hufanyika kwa mdomo. Wapo wanaolipa ada kwa mwenye saluni, na wapo wanaolipa kwa nguvu zao: kufagia, kufua taulo, kuwafuatia mafundi chakula na kuosha vichwa vya wateja, huku wakiiba ujuzi kwa macho. Malipo, yakiwapo, ni nauli na chakula cha mchana, pamoja na kile ambacho mteja mwenye huruma atamwachia.

Mikono ndiyo huanza

Ngozi ya binadamu ina tabaka la juu lenye mafuta ya asili, ambalo huzuia maji ya mwili kutoka na vitu vigeni kuingia. Shampuu hutengenezwa ili kuondoa mafuta. Kichwani huondoa mafuta ya mteja mmoja kwa dakika chache. Kwenye mikono ya mwoshaji huyaondoa siku nzima. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi wa magonjwa ya ngozi yatokanayo na kazi ni kwamba mikono inayokaa majini zaidi ya saa 2 kwa siku, au inayooshwa zaidi ya mara 20 kwa siku, imo hatarini. Mwanafunzi aliye kwenye sinki Jumamosi, au siku moja kabla ya Idi, hufikisha kipimo hicho kabla ya adhuhuri.

Dalili zinafahamika na kila aliyepita huko: mikono kukauka, kuwasha katikati ya vidole, wekundu, kisha ngozi kupasuka na kutoa maji. Katika saluni nyingi mwanafunzi anayelalamika huambiwa kwamba mikono itazoea. Kauli hiyo ina ukweli kidogo na hatari kubwa, kwa sababu inachanganya mambo mawili tofauti.

La kwanza ni mwasho unaotokana na maji, sabuni na dawa kali. Huo ukipewa mapumziko na mafuta ya kutosha, ngozi inaweza kurudi katika hali yake. La pili ni mzio. Hapa kinga ya mwili hujifunza kuitambua kemikali fulani kama adui, na ikishajifunza haisahau. Anayepata mzio wa rangi ya nywele leo atakuwa nao akiwa na miaka 50, na kiasi kidogo tu kitatosha kumvimbisha. Kibaya zaidi, ngozi iliyokwisha kupasuka kwa mwasho ndiyo inayofungua mlango wa mzio.

Kinara wa mizio hiyo ni kemikali inayoitwa parafenilinidiamini, maarufu kwa kifupi cha PPD, ambayo ndiyo huipa weusi sehemu kubwa ya rangi za kudumu za nywele. Kwa watu wa pwani si ngeni, ingawa jina lake ni geni. Piko, ile rangi nyeusi ambayo mabibi harusi na wasichana huchorwa mikononi na miguuni badala ya hina, ni rangi ya nywele ya aina hiyo inayopakwa moja kwa moja kwenye ngozi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, rangi ya nywele iliyokwisha kuchanganywa hairuhusiwi kuwa na zaidi ya asilimia 2 ya PPD, na kuipaka kwenye ngozi kama urembo hakuruhusiwi kabisa. Msichana aliyechorwa piko mara kadhaa utotoni anaweza kuingia saluni akiwa tayari amebeba mzio asioujua, na kuugundua siku ya kwanza atakapokabidhiwa bakuli la rangi.

Lipo jambo dogo ambalo wageni hawalioni. Fundi anapopaka rangi au dawa huvaa glavu. Akimaliza, huzivua na kumwita mwanafunzi asuuze. Mwanafunzi husuuza kwa mikono mitupu, kwa imani kwamba maji yameshaiondoa hatari. Dawa inayotoka kichwani wakati huo ni ile ile iliyopakwa, na sasa inapita katikati ya vidole vyake. Glavu, kwa maneno mengine, inavaliwa na mtu aliyehitimu na kukosekana kwa mtu anayejifunza.

Uchunguzi uliofanyika kaskazini mwa Ujerumani katika miaka ya 1990 uliwafuatilia wanafunzi wa ususi zaidi ya 2,000 katika kipindi chote cha mafunzo yao. Matatizo ya ngozi ya mikono yalionekana tangu wiki za mwanzo, na yaliongezeka kadiri mafunzo yalivyosonga mbele. Hao walikuwa wanafunzi wenye mikataba, shule na bima.

Dawa inayochoma

Dawa ya kulainisha nywele ndiyo roho ya saluni nyingi za kike nchini. Aina moja hutegemea sodiamu haidroksaidi, ambayo ni kostiki ile ile inayotumiwa na watengeneza sabuni. Nyingine, inayouzwa kama dawa isiyo na kostiki, hutegemea kalsiamu haidroksaidi ikichanganywa na guanidini. Zote mbili, katika kipimo cha pH kinachoishia 14, husimama karibu na 12 au juu yake. Kemikali yenye nguvu ya kuvunja muundo wa unywele haichagui. Ikikaa juu ya ngozi huiunguza, na ikiruka jichoni inaweza kuharibu uoni. Huduma ya kwanza ni maji mengi ya bomba kwa dakika zisizopungua 15, kisha hospitali bila kuchelewa. Ni saluni chache ambako mwanafunzi huelezwa hilo kabla ya kufunguliwa kopo.

Mteja akisikia inachoma hupiga kelele, na saluni nzima hukimbia. Kidole cha mwanafunzi kikichoma hakuna anayesikia.

Kuhusu madhara ya muda mrefu, ni vyema kutenganisha yanayojulikana na yanayotiliwa shaka. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliitathmini kazi ya ususi na unyozi mwaka 1993 na kuirudia mwaka 2008. Mara zote mbili lilihitimisha kuwa kufanya kazi hiyo kunaelekea kusababisha saratani, ushahidi mkubwa ukiwa ni wa saratani ya kibofu cha mkojo. Shirika hilo hilo lilisema kwamba kwa mteja anayepaka rangi kwa matumizi binafsi, ushahidi hautoshi kufikia uamuzi. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha suala zima. Mteja hukutana na rangi mara moja katika wiki kadhaa. Anayempaka na anayemsuuza hukutana nayo kila siku, mwaka baada ya mwaka.

Oktoba 2022, watafiti wa taasisi za afya za Serikali ya Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa takriban miaka 11. Waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walionekana kuwa na uwezekano zaidi ya maradufu wa kupata saratani ya mfuko wa uzazi. Kwa makadirio yao, hatari hiyo hadi umri wa miaka 70 ni asilimia 1.64 kwa asiyetumia kabisa na asilimia 4.05 kwa mtumiaji wa mara kwa mara. Uchunguzi huo ulihusu watumiaji, na haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo. Hata hivyo ni vigumu kuusoma bila kumfikiria mtu anayeigusa dawa hiyo kila siku.

Hewa ya chumba kimoja

Saluni nyingi za mjini ni fremu moja ya duka, yenye mlango mmoja mbele na ukuta nyuma. Kiyoyozi kikiwapo, mlango hufungwa ili baridi isitoke. Ndani ya chumba hicho hupuliziwa dawa za kushikiza nywele, huchanganywa poda ya blichi, na pembeni binti mwingine husugua kucha za kubandika, vumbi lake likipanda na harufu ya asetoni.

Poda ya blichi ina chumvi ziitwazo pasalfeti, ambazo ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana zaidi vya pumu ya kazini kwa wasusi. Huanza kama mafua yasiyoisha na kupiga chafya, kisha kifua kubana jioni. Mgonjwa akienda zahanati hutibiwa mafua au pumu, na ni nadra kuulizwa anafanya kazi gani.

Kisha kuna fomaldehaidi. Wasomaji wengi wanaifahamu kwa jina la fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti. Katika baadhi ya dawa za kunyoosha nywele zinazouzwa kwa jina la "keratini", kemikali hiyo imo au hutengenezwa pale nywele zinapopitishwa pasi ya moto, na hutoka kama mvuke unaochoma macho na koo. IARC iliiweka katika kundi la visababishi vilivyothibitika vya saratani mwaka 2004. Mwaka 2010, wakaguzi wa usalama kazini katika jimbo la Oregon, Marekani, walipima dawa iliyoandikwa kuwa haina fomaldehaidi wakaikuta nayo kwa wingi, na mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilitangaza nia ya kupiga marufuku dawa za namna hiyo. Lebo iliwadanganya mafundi wanaosoma Kiingereza kama lugha yao ya kuzaliwa. Mwanafunzi wa Manzese, ambaye kwenye chupa anaitambua picha tu, ana nafasi ndogo zaidi.

Mgongo na miguu havihitaji maelezo marefu. Anayesuka rasta ndogo ndogo hukaa au kusimama saa sita hadi nane, shingo imeinama na mabega yamenyanyuka, kisha humalizia kwa kuchovya ncha za nywele bandia kwenye maji yanayochemka. Anayeshika chombo cha maji hayo mara nyingi ni mwanafunzi.

Kwa vijana wa kiume wanaojifunza unyozi, hatari ya pekee ni damu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi juu ya kifaa kwa siku 7 au zaidi, na kuifuta mashine kwa kitambaa hakuviondoi. Chanjo yake imo katika ratiba ya watoto nchini tangu mwaka 2002, kwa hiyo vijana wengi wanaoanza kazi sasa walichanjwa wakiwa wachanga. Waliozaliwa kabla ya hapo hawana uhakika huo, na kinyozi anayewafundisha huenda ni mmoja wao.

Sheria ipo, mshahara haupo

Haiwezi kusemwa kwamba nchi haina sheria. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) upo tangu mwaka 2001, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003 inataka sehemu za kazi zisajiliwe, na wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kuanza kazi na baada ya hapo kwa vipindi. Tanzania iliridhia pia Mkataba Namba 170 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu usalama katika matumizi ya kemikali kazini. Kwa walio chini ya miaka 18, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ina vifungu vinavyomhusu mtoto anayejifunza kazi kwa fundi, ikiwamo makubaliano ya mafunzo na wajibu wa fundi huyo.

Kinachokosekana ni kamba ya kumfunga mwanafunzi kwenye sheria hizo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi mwaka 2015, hulipa fidia kwa anayeumia au kuugua kutokana na kazi. Waajiri wa sekta binafsi huuchangia asilimia 0.5 ya mishahara wanayolipa, kiwango kilichoanza kutumika Julai 2022. Asilimia 0.5 ya mshahara usiokuwapo ni sifuri. Mwanafunzi wa saluni hana hati ya malipo wala mkataba wa maandishi, na mara nyingi jina lake halimo katika daftari lolote. Mkaguzi akitokea, ni rahisi kumtambulisha kuwa ni ndugu aliyekuja kusaidia. Mikono ikimshinda, huacha na kurudi nyumbani, na kesho yake anakuja mwingine. Hakuna takwimu itakayomhesabu kama mgonjwa wa kazini, kwa sababu kwenye karatasi hakuwahi kuwa kazini.

Mamlaka nazo zimeelekeza macho kwingine. Usimamizi wa vipodozi ulihamishwa mwaka 2019 kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa kwenda Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Kabla na baada ya hapo, misako mingi imelenga mkorogo na krimu zenye zebaki au haidrokwinoni. Ni kazi nzuri, lakini inamlinda mnunuzi dhidi ya bidhaa haramu. Dawa za nywele zinazomwathiri mwanafunzi nyingi ni halali, zimelipiwa ushuru na zinauzwa mchana kweupe Kariakoo.

Kumtupia lawama zote mwenye saluni hakutasaidia. Wengi wao walipita kwenye sinki hilo hilo, na baadhi wana makovu ya kuonyesha. Wanalipa kodi ya pango, leseni na umeme kwa biashara ambayo mteja wake hulalamikia bei hata kabla ya kukaa. Lakini gharama inayozungumzwa hapa ni ndogo. Glavu za kusuuzia, mafuta ya mikono yasiyo na manukato, dirisha linalofunguka na zamu ya sinki, ili mtu mmoja asikae humo kutwa, havimfilisi mtu.

Kwamba hatua za namna hiyo huzaa matunda, ushahidi upo. Katika eneo la kaskazini mwa Bavaria, Ujerumani, magonjwa mapya ya ngozi yatokanayo na kazi kwa wasusi yalishuka kutoka 194 kwa kila wafanyakazi 10,000 mwaka 1990 hadi 18 mwaka 1999. Katika miaka hiyo nchi hiyo iliweka kanuni maalumu za kazi ya ususi, somo la kulinda ngozi lilisisitizwa kwa wasusi, na kemikali moja ya kutia mawimbi nywele, iliyokuwa ikisababisha mizio mingi, iliondolewa sokoni. Kilichorahisisha kazi ni kwamba kila mwanafunzi alikuwa na mkataba, hivyo kila aliyeugua alihesabiwa.

Hapa nchini mlango unaokaribiana na huo ni mpango wa VETA wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, ambao humpima fundi na kumpa cheti. Fundi anayetaka cheti hicho anaweza kutakiwa aonyeshe namna anavyomlinda anayemfundisha, na kutaja majina ya wanafunzi alionao. Hilo lingeweza kuanza bila kusubiri sheria mpya.

Zipo pia dawa zenyewe. Boksi dogo la dawa ya nywele, lililotengenezwa kwa matumizi ya nyumbani, mara nyingi huwa na jozi ya glavu ndani yake na karatasi ya maelekezo. Kopo kubwa linalonunuliwa kwa ajili ya saluni, linalotosha wateja wengi, aghalabu huwa na dawa peke yake. Glavu hununuliwa kando, fedha zikibaki, na siku ya Jumamosi zikiisha saa nne asubuhi, sinki haifungwi.